Karanga Zenu Nimezizika Mimi

Kiwandani, Shelui,
Barabara ya Nzega.
9 Julai 2024

Mpendwa dada Asnath,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu ya mama iwe imepata nafuu. Shemeji Laurenti bado anakohoa? Mimi nipo, mgongo tu ndio unaolalamika. Kubeba magunia si kazi ya mtu aliyevuka arobaini, lakini ndiyo niliyoipata.

Huku upepo ni mkali na vumbi la malori halikatiki. Kilimatinde naiota karibu kila usiku.

Dada, kwenye simu nilikuambia msile zile karanga mlizobakiza nyumbani, salio likaisha kabla sijakueleza sababu. Nasri, dereva wetu, atakuletea barua hii na gari lake litakuwa tupu. Nakuomba uisome yote kabla hujawaita wenzako wa kikundi, maana watakuuliza magunia yao yako wapi, na jibu ninalo mimi.

Ilikuwa hivi. Siagi ya karanga ya hapa inauzwa kama chakula cha kilimo hai, na karanga hupimwa maabara kabla ya kusagwa. Za kikundi chenu mlizotuletea zimekutwa na sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Nilibisha sana. Nikasema karanga za Kilimatinde hazijawahi kuona dawa wala mbolea ya dukani, sumu itoke wapi? Mtaalamu aliyeleta majibu, dada mmoja anaitwa Joyce, hakunicheka. Alisema ukungu nao ni wa asili, haununuliwi dukani. Maneno hayo yamenikaa kichwani. Sisi tulidhani ukishaacha kutia dawa, basi chakula ni salama.

Kisha akaniuliza, "Kaka, huko kwenu mnabangua vipi?"

Nikajibu kwa kuringa kabisa. "Sisi hatuhangaiki. Jioni unamwagia maji kidogo, unafunika na gunia. Asubuhi ganda limelainika, ukiligusa tu linafunguka."

Bi Saada, mwenye kiwanda, akajishika kichwa. "Ya Rabi, Calist! Mnaiotesha sumu wenyewe, halafu mnaifunika isipate baridi!"

Watu walicheka, nami nikacheka. Ni kweli, zinalowa, zinaingia kwenye gunia zikiwa na unyevu, na ukungu unaota humo humo. Mama ndiye aliyetufundisha, naye alifundishwa na bibi. Simlaumu mtu. Nakumbuka kucha za mama zilivyopasuka mwaka ule wa shida ya maji, alipobangua kavu. Aliyeanzisha jambo hili alikuwa anavihurumia vidole vyake.

Bi Saada akaniita pembeni. "Wewe ndiye wa huko. Nizirudishe kwa wenyewe, au zichimbiwe shimo hapa hapa?"

Jua mlilolimia mwaka huu nalijua. Lakini najua pia kwamba kama zingerudi, zisingetupwa. Nani atatupa karanga alizozitolea jasho? Zingekaangwa, na sumu hii haiishi kwa kukaangwa. Zingetwangwa za kutia kwenye uji. Nikamwona Dina wako anavyolamba kikombe mpaka chini. Nikasema zichimbiwe.

Shimo nimelichimba mwenyewe, sikutaka mgeni azifukie. Nilikuwa nafungua gunia moja moja na kumwaga, nazo zilikuwa nyekundu, nzuri, zinanukia. Hilo ndilo linaloniumiza. Ningekuwa sijaambiwa, ningezila.

Najua watanisema. Mama Elina atasema Calist amekula njama na tajiri wake. Mwache aseme. Hata wewe ukinikasirikia ni haki yako, kwa kuwa sikukuuliza. Ningekuuliza ungesema zirudi, na mimi nisingeweza kukukatalia.

Bi Saada hajawafuta. Msimu ujao atanunua zikija na maganda yake, zimekauka mpaka ukizitikisa zinalia, zibanguliwe hapa kwa mashine. Bei itashuka kidogo, sikufichi. Na mzigo ni wa kikundi kizima. Mmoja akilowesha za kwake zikachanganywa, zote zimeharibika. Hilo uwaambie wewe, wewe wanakusikiliza.

Nisalimie mama, shemeji na wote wa kwa mjomba Ignas. Eliza mwambie asome, asije akabeba magunia kama mimi. Nasri ana mfuko mdogo wa ufuta, ni wa uji wa Dina.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Zile zilizobanguliwa mkabakiza ndani, nanyi chimbeni shimo. Usiwape kuku. Wala usizipeleke Manyoni mnadani, ukasema mnunuzi hatumjui. Hatumjui, lakini naye ana mtoto nyumbani.

Mungu awape afya, na kukuepushia maneno ya watu kwa ajili yangu.

Wako akupendaye, hata ukiwa umenuna,

Mdogo wako,
Calist