Alama ya Meno Mkononi Mwako

Kwako mdogo wangu, fundi cherehani,

Salamu nyingi. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma, marahaba. Goti linaendeleaje? Wanangu hapo wazima? Sisi tupo, shemeji yako mzima, na mdomo wake mzima pia. Naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu, kwa hiyo vumilia mwandiko wa kuku.

Habari ya mjini ni kwamba Wanorwe wamerudi. Wale waliojenga kiwanda cha mbao tulipokuwa vijana, na zile nyumba zenye paa la mteremko mkali, zinazosubiri theluji mpaka leo. Wamekuja watoto wao, wazee sasa, kuangalia walikokulia. Ofisi ya mji ikatafuta mtu anayeijua historia hiyo. Wangemwita nani kama si mimi, Redio wenu? Nimewatembeza mtaa mzima mpaka pale ulipokuwa msumeno mkubwa, na mkalimani alichoka kabla yangu.

Kati yao yupo mama mmoja, binti wa meneja. Ni yule mtoto uliyemtoa kwenye tangi la maji la kiwandani, akakung'ata mkono kwa hofu. Aliuliza mbele ya wote kama kijana yule bado yupo. Mdogo wangu, watu walikuwa wananitazama mimi. Nikasema ni mimi.

Akanikumbatia, akalia mpaka shati langu likalowa. Kisha akanikunjia mkono wa shati taratibu, akitafuta alama ya meno yake. Nikasema uzee umeifuta. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nina ndugu.

Hapo ningeweza kujiokoa. Lakini unanijua, nikishasema sirudi nyuma. Nikasema nilikuwa naye, alifariki.

Sasa Jumamosi anataka nimpeleke kaburini kwako. Maua ameshanunua. Shemeji yako ameniambia nikalichimbe hilo kaburi mwenyewe, na nikimaliza nisitoke. Hata kunyoa ndevu siwezi, naogopa kioo.

Nimeamua kumwambia ukweli kwa mdomo huuhuu, kesho, mbele ya watu walewale. Usidhani nakuita uje kunisafisha. Nikishamwambia atataka kukuona, basi. Jumamosi panda basi la mapema, na usivae mikono mirefu. Maua utapokea mwenyewe.

Wabusu wajukuu, waambie babu yao mkubwa anawakumbuka, mengine usiwaambie.

Ni mimi kaka yako,
Redio,
niliyekuzika ukiwa hai.