Kivuli Hakigeuki Saa Sita Kamili

Rhonda, Nakuru

Kwa mama yangu,

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, na Bibi ameanza kula vizuri tena. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Mei haina huruma. Nalala na soksi. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti yangu ikitetemeka, ukaanza kulia kabla sijafika mwisho, na mwisho wenyewe si mbaya.

Unajua niliajiriwa hapa shuleni kuwa karani: kuandika risiti, kupokea simu, kupiga kengele. Bado niko kwenye majaribio, na muhula ukiisha mwalimu mkuu ataamua kama nabaki au narudi Msambweni. Sasa mwalimu wa hesabu amekwenda kujifungua. Mwalimu mkuu akaniita: "Karani, wewe una cheti kizuri. Shika Gredi ya Sita mpaka nipate mtu." Sikuthubutu kukataa.

Somo lilikuwa grafu. Nilisimamisha mpini wa fagio katikati ya uwanja, na kila nusu saa watoto wakatoka na rula kupima kivuli chake. Wanafunzi wakubwa walipita wakinicheka: "Teacher Karani, hicho kivuli utakiandikia risiti?" Kisha tukachora ubaoni, saa kwenye mstari wa chini, urefu kwenye mstari wa kusimama. Nukta zilishuka tangu asubuhi, zikafika chini, zikapanda tena kuelekea jioni, mfano wa bakuli.

Lakini kitako cha bakuli hakikukaa kwenye saa sita. Kilikaa kwenye saa sita na nusu.

Mwalimu mkuu akaingia hapo hapo, akasimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Karani, jua linakuwa utosini saa ngapi?"

"Saa sita, sir."

"Na hii ni nini unafundisha watoto wa watu? Futa."

Mama, nilishika kifutio. Nilikuwa nimekwisha kukiinua. Msichana mmoja wa dawati la mbele, Chebet, akasema, "Lakini teacher, si tulipima? Mimi ndio nilishika rula."

Ndipo nikakukumbuka uani, ukitazama kivuli cha nguzo ya kamba ya nguo. Ulikuwa ukituambia adhuhuri haiingii mpaka kivuli kimalize kupungua kianze kurefuka. Na tangu nifike Nakuru sijasikia adhana ya mchana saa sita kamili. Huwa saa sita na nusu imeshapita. Naisikia kila siku, na sikuwahi kuiunganisha na somo langu. Nikaweka kifutio chini, nikasema, "Sir, naomba tusifute. Kesho twende wote uwanjani."

Akageukia mlango. "Haya. Kesho."

Jioni hiyo nilikwisha kuwaza nitakavyokunja nguo zangu nirudi Msambweni.

Kesho yake mawingu kutoka vilima vya Dundori yalitutisha, kisha jua likatoka. Ilipofika saa sita, mwalimu mkuu akatazama saa yake, akaagiza ncha ya kivuli iwekewe kifuniko cha soda. Tukasubiri. Kivuli kikakiacha kifuniko, kikarudi taratibu kuelekea mpini. "Kinarudi, sir! Kinarudi!" watoto wakapiga kelele. Hakikutulia mpaka saa sita na nusu, na kabla hatujaingia darasani, adhana ikasikika kutoka msikitini.

"Ala!" mwalimu mkuu akasema. "Na miaka yote hii mimi nafundisha saa sita." Akapangusa vumbi kwenye suruali. "Hiyo grafu ikae. Na hesabu ya Gredi ya Sita kaa nayo muhula wote, sitafuti mtu." Majaribio yangu hakuyataja, nami sikuuliza.

Niliwaeleza watoto kwamba nchi nzima tunafuata saa ile ile, lakini jua hupita huko kwenu Pwani kwanza, ndipo lifike huku Nakuru. Chebet hakuridhika. "Tutajuaje, na hatujapima?" Basi, Mama, siku ya jua, saa sita kamili, weka kifuniko penye ncha ya kivuli cha nguzo yako, uangalie kivuli kinaacha kupungua saa ngapi, uniandikie. Nimekuachia nafasi ubaoni ya nukta yako.

Nisalimie Bibi, mjomba Athumani fundi baiskeli, na dada Mwanaisha. Mwambie asianike nguo siku hiyo.

Mwanao mwenye hofu, lakini bado kazini,

Hamisi