Yaliua Kwenye Kisahani

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na hadubini ya maabara yetu imeshatengenezwa.

Nasikia umemwachisha mdogo wangu vidonge vya saratani ya damu, unamnywesha maji ya majani ya kunde. Ukiulizwa, unajibu, "Msomi wetu kayapima mwenyewe, yanaua!"

Kweli, Shangazi, niliyapima na yaliua seli za saratani, lakini kwenye kisahani cha maabara. Na seli zenye afya zilikufa vilevile. Hata siki ingeziua.

Umenilea, sijawahi kukubishia. Leo nakubishia. Ijumaa nakuja kumrudisha hospitali. Ukifunga mlango, nitaugonga mpaka majirani wote watoke. Kunde mpikie, azile pamoja na vidonge vyake.

Nikasirikie utakavyo, ila yeye aishi.

Mwanao mkaidi