Mkono wa Kulia wa Ouma

Mjukuu wangu Akinyi,

Pokea salamu zetu kutoka Nyalenda. Mama yako hajambo, bado anauza nguo sokoni Kibuye. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema huko maabara mnachanganya chembe za madini ya fedha, ndogo kuliko vumbi, katika plastiki laini, nayo hujikunja kama msuli kwa umeme mdogo. Unauliza msuli huo ufundishwe kazi gani kwanza.

Kaka yangu Ouma alipooza mkono wa kulia akiwa kijana. Siku moja, nilipokuwa nimeanza ualimu, tulikula na wageni, naye akamega ugali kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia mbele yao, "Ouma, si kwa mkono huo. Tuna wageni."

"Mwalimu," akasema, "huu wa kulia umekataa shule."

Wageni walicheka. Mimi sikucheka; nilimsogezea kijiko. Akainuka, akanawa, akatoka. Tangu siku hiyo alikula peke yake jikoni, mpaka tulipomzika. Sikumwomba msamaha, kwa sababu niliamini nilikuwa sahihi.

Basi msuli wenu uufundishe kumega tonge la ugali na kulichovya kwenye mchuzi wa samaki, mbele ya watu.

Nyanya yako