Sumaku Haikunipima Mimi

Jumanne, 9 Aprili 2019
Daktari kasoma karatasi yake, kanitazama kama mtoto aliyekula udongo. "Mzee, una risasi nyingi kwenye damu." Nikamwambia sijawahi kupigwa hata moja. Hakucheka. Miaka thelathini nayeyusha madini ya risasi gerejini, namimina kwenye kalibu, natengeneza vichwa vya risasi vyangu mwenyewe — pua bapa, vinavyokata karatasi tundu safi la duara. Leo basi. Nisiguse tena. Glenda keshafungia sufuria yangu stoo, ufunguo kautia mfukoni mwa aproni. Mke gani huyu.

Jumatano, 10 Aprili
Kwenye duka la bunduki nikajiona mshamba. Rafu nzima! Za kupakwa rangi, za pua wazi, za pua duara, za koti la shaba. Muuzaji akauliza nataka za kulenga karatasi au sahani za chuma. Nikamjibu nilikuwa nalenga shabaha kabla hajazaliwa. Akanisogezea maboksi. Nikachukua boksi la zinazong'aa kishaba, pua duara. Zitararua karatasi vibaya, lakini sahani haijali pua. Sikuuliza zaidi. Mimi? Nimuulize yule?

Jumamosi, 20 Aprili
Klabu ya shabaha. Mshika sumaku ni mimi, tangu nilipozichomelea zile sahani sita tunazolenga. Getini kila mtu anafungua boksi, napitisha sumaku. Kichwa kikinata, kina chuma, rudi nacho kwako. Chuma kwa chuma kinachimba vishimo, na kishimo kinawarudishia watu vipande usoni. Risasi laini inasambaratika tu, inaanguka chini.

Kuna mgeni, Royce Tibbets, katoka jeshini, sasa anafundisha watu bastola. Kauliza, "Na zako nani anazipima, mzee?" Watu wakacheka. Hobart, mwenyekiti wetu, akamwambia, "Verlin huyu anapika zake mwenyewe, hazina haja." Nikapitisha sumaku boksi lililofuata. Niseme nini — kwamba mke wangu kaficha sufuria?

Jumamosi, 27 Aprili
Vishimo! Sahani ya tatu, saba nimehesabu kwa kidole. Miaka yote haikuwa na hata kimoja. Tumepiga wote, lakini wengine nawajua. Royce simjui.

Jumamosi, 4 Mei
Nadine, karani wetu, kaumia. Alikuwa kwenye kiti chake anaandika alama, kavua miwani aifute. Royce akapiga sahani ya tatu, kipande kikarudi, kikamchana chini ya jicho. Kingepanda kidogo tu angekuwa chongo. Damu juu ya daftari la alama. "Verlin, jicho lipo?" ananiuliza, kajiziba kwa kiganja. Nikamwambia lipo. Nikamkandamizia kitambaa changu.

Boksi la Royce nililipima asubuhi, halikunata. Basi kabadilisha alipokwisha pita geti. Nikasema hivyo mbele ya wote. Akaweka bastola mezani, akasema taratibu, "Mzee, siwezi kudanganya mama wa watu akivuja damu." Nikamwita mwongo. Hata sasa sijala.

Jumatano, 8 Mei
Hobart kapiga simu. Jumamosi saa nne asubuhi, mkutano wa kumfukuza Royce. Nitoe ushahidi, kisha barua iende klabu zote za jimbo letu la Idaho. Kila geti litafungwa kwake, na kufundisha ndiyo kazi yake. Vizuri! Akafundishe kuvua samaki.

Nadine kashonwa nyuzi tano. Glenda kampelekea pai. Karudi, kaniuliza kama nina hakika na yule bwana. Nikamwambia arudi jikoni kwake. Kaondoka zake.

Jumamosi, 11 Mei
Naandika ndani ya pikapu, nje ya klabu. Nimefika mapema. Nilitaka kuwaonyesha mkutanoni kichwa kizuri kinavyokaa tuli chini ya sumaku. Nikafungua boksi langu. Sumaku ikanyanyua risasi. Nikajaribu nyingine. Nikajaribu boksi zima, moja moja.

Zote.

Shaba ni ngozi tu. Ndani koti ni la chuma. Wiki tatu nasimama getini napekua maboksi ya watu, na vishimo vile ni vyangu. Nimemlaani daktari. Nimemlaani muuzaji, na Glenda na ufunguo wake. Haijasaidia. Yule muuzaji aliniuliza! Alitaka kuniambia.

Mlango wa klabu uko wazi. Nadine kaketi mstari wa mbele na plasta yake. Kanipungia mkono. Royce kasimama barazani peke yake, kofia mkononi, hakuna anayemsogelea.

Hobart kaja dirishani. "Tunakusubiri wewe tu, Verlin. Njoo na sumaku yako." Nikamwambia nakuja. Iko pajani, na risasi moja imeng'ang'ania. Naibandua, nikiilegeza inarudi. Chini ya kiti pana nafasi ya boksi. Hakuna atakayepekua gari langu, mimi ndiye ninayepekua.

Hobart anagonga kioo tena. Royce anakuja nyuma yake —