Ramani Niliyokataa Kuifungua

Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na mkono wangu wa kulia umefungwa plasta. Naandika kwa wa kushoto, polepole.

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani kila kitu kimevurugika.

Jana kabla ya magharibi wezi wenye bunduki walivamia ng'ombe wa mzee Guyo kwenye malisho ya nyuma ya Ngaremara. Walimpiga mwanawe Galgalo risasi ya kifua, wakamwacha kando ya maji. Mzee Guyo ndiye mteja wetu wa kwanza. Mimi na mwenzangu Abdi tuna kampuni ndogo hapa mjini: tunamvalisha ng'ombe ukanda wa shingoni wenye kifaa, na mwenyewe anaona kwenye ramani kundi lake liko wapi. Wezi walizikata kanda zote, wakazitupa. Ng'ombe wa mzee hawaonekani tena.

Lakini jamii inayoshukiwa nayo ni wateja wetu. Makundi yao yako kwenye mtambo uleule wa ramani.

Nilipopata habari leo asubuhi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha nenosiri la mtambo. Sikumwambia Abdi. Kumbe yeye alikuwa ameshawaahidi watu wa mzee Guyo kwa simu kwamba tutawafungulia ramani.

Mzee na vijana wake walikuja moja kwa moja kutoka makaburini walikomzika Galgalo, udongo bado kwenye viatu. Mzee Guyo hakutoa salamu.

"Mwenda, fungua ramani ya hao watu."

"Pole sana, mzee. Ya kwako nitafungua. Ya mteja mwingine siwezi."

"Ati mteja!" kijana mmoja akacheka. "Huyu anawawekea fisi siri!"

Rungu la kwanza lilivunja dirisha. La pili, kompyuta ya Abdi. La tatu lilinipata mkono, na nikasikia mfupa ukilia ndani yangu kama kijiti kikavu. Abdi alikuwa amejibanza ukutani akipiga kelele, "Fungua, bwana! Ni ng'ombe tu, si pesa ya benki!"

Ni ng'ombe tu.

Ng'ombe mwenye ukanda hulala bomani, na bomani kuna akina mama na watoto. Nimekunywa chai katika maboma hayo. Nilipokuwa nikifunga zile kanda niliahidi kwa mdomo wangu kwamba hakuna jirani atakayeonyeshwa walipo. Mzee Guyo nilimwahidi hivyo hivyo.

Sasa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Kijana mmoja aliponiwekea panga shingoni, nilianza kuandika nenosiri la kweli kwenye kompyuta yangu, kwa mkono wa kushoto. Haikuwa hofu peke yake. Galgalo alikuwa akinibeba kwenye pikipiki yake mpaka malishoni, akiimba njia nzima vibaya kabisa. Nilitaka mtu alipe. Nilitaka nione moshi.

Nilifika nusu.

Kisha nikaandika upuuzi. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka mtambo ukajifunga wenyewe. Haufunguki mpaka kesho asubuhi, hata kwangu.

Nilipowaeleza, kijana wa panga alinipiga teke la mbavu, nikaanguka juu ya vioo. Mzee Guyo alimsukuma kando, akainama mpaka nikasikia pumzi yake. "Wewe nilikuita mtoto wangu," alisema. "Leo nimezika mmoja. Usinifanye nizike wawili. Kesho nitarudi."

Wakatoka.

Hospitalini walinifunga mkono. Kutoka hapo nilienda polisi, nikawaambia kuna kisasi kinapangwa, na dhidi ya upande gani. Wameahidi kupeleka doria. Abdi amenipigia jioni hii. Anasema kiongozi wa kampuni humsikiliza mteja. Nilimuuliza, yupi? Akakata simu.

Nimefikiri sana. Nenosiri ni kizuizi cha siku moja tu, na mimi nina mkono mwingine wa kuvunjwa. Nusu ile niliyoandika inanitisha kuliko rungu. Siri ambayo naweza kuitoa nikipigwa vya kutosha, sistahili kuiweka.

Kesho mtambo ukifunguka, kabla Abdi hajafika, nitafuta ramani zote, za pande zote, na kuzima kila kifaa. Hapo kampuni itakuwa imekwisha. Kisha nitakaa palepale ofisini, mlango wazi, nimngoje mzee Guyo, kwa sababu nikitoroka atakayepigwa ni Abdi.

Nikimwambia hakuna tena cha kufungua, ataniamini?