Sauti Iliyokufuata Kwenye Wimbo wa Tisa

Kumbukumbu ya Ardith Pettiford, Pittsburgh

Mwaka mmoja umetimia wiki hii, Mama, tangu ulipovua miwani yako, ukaiweka juu ya gazeti, ukatuambia tusipige kelele kwa kuwa unafumba macho kidogo tu. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, theluji inayeyuka na kudondoka kutoka kwenye paa. Tulinyamaza kama ulivyotaka. Tukaendelea kunyamaza mpaka mama mdogo Zenobia alipokugusa mkono.

Waliokufahamu kila mmoja ana Ardith wake. Miaka thelathini na mmoja uliwapikia wagonjwa hospitalini, na wapo walioomba wasiruhusiwe kwenda nyumbani siku ya Jumatano, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku uliyooka mkate wa mahindi. Watu wa klabu za muziki za mtaa wa Wylie Avenue wanakumbuka gauni lako la kijani, na ulivyokuwa ukiimba jazi huku umefumba jicho moja, la pili ukiwakodolea wanaopiga soga. Wanakwaya wanakumbuka kwamba uliwapindia kanzu zao zote bila kuombwa. Na hukumwazima mtu yeyote kikaango chako cha chuma, hata mchungaji.

Sisi wanao tunakumbuka pia jambo ambalo halikuzungumzwa mezani kwako. Baba yetu, Clifton Pettiford, alikuwa mwimbaji wa zile nyimbo laini za mapenzi, za wanaume wenye suti nyeusi wanaoisogelea maikrofoni kana kwamba wanamnong'oneza mtu mmoja tu. Loretha alikuwa na miaka tisa, Emmett mitano, Baba alipokwenda Cleveland kuimba wikendi moja asirudi. Loretha ndiye aliyekaa dirishani. Baba alioa huko, akafia huko, na hatukwenda kumzika.

Kwa hiyo ulipotangaza, ukiwa na miaka sabini na saba, kwamba utarekodi albamu ya nyimbo hizo hizo za zamani, kwa heshima ya wanaume walioziimba, Loretha aliweka kijiko chini.

"Mama, katika nyimbo zote zilizopo duniani?"

"Ndizo nzuri."

"Ni nyimbo zake."

"Si zake. Yeye alizikuta, na mimi nilizikuta. Nisogezee chumvi."

Daktari alikuwa ameshasema mapafu yako yamebaki nusu. Ulimjibu kwamba nyimbo hizo hazihitaji pumzi nyingi, zinahitaji tu mtu asiye na haraka.

Ulirekodi asubuhi tano, katika studio iliyokuwa zamani duka la dobi, ambayo mpaka leo inanukia wanga wa kunyooshea mashati. Kila asubuhi Loretha alikupeleka, akakushika mkono mpaka mlangoni, kisha akarudi kukaa garini. Mzee Horace Whitlow, aliyekupigia piano miaka arobaini, alitoka siku ya tatu kugonga kioo.

"Binti, mama yako anaimba humo kama msichana. Ingia usikie."

"Niko sawa hapa, Mzee Whitlow."

"Utaganda."

"Basi nitaganda."

Akaganda kweli, Mama. Alikaa na koti mpaka masikioni, redio imezimwa.

Asubuhi ya tano mlikuwa mmesimama kwenye taa nyekundu, mrija wa oksijeni puani mwako, ukasema, "Leo umebaki wimbo mmoja tu." Hapo Loretha akashindwa kujizuia.

"Unajiua kwa ajili ya mtu aliyetutupa. Hata maiti yake hukwenda kuiona."

Ulitazama nje ya dirisha. "Mwanangu, umemkasirikia mtu mmoja karibu miaka hamsini. Hujachoka?"

"Na wewe umempenda miaka hiyo hiyo. Wewe hujachoka?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. Halafu ukasema, "Twende, taa imekuwa ya kijani."

Baada ya hapo mliongea habari za dawa, za supu, za nani amekufa kanisani. Hilo hamkulirudia. Wiki tatu zikapita, ukafumba macho kidogo tu.

Loretha alihamia nyumbani kwako kupanga vitu vyako, na vitu havikupangika. Alianza kukusikia. Si maneno, wala nyayo. Ilikuwa saa kumi jioni, wakati wako wa zamani wa mazoezi: alikusikia upande wa pili wa ukuta wa jikoni ukisafisha koo. Alizunguka, akakuta chumba kitupu. Siku nyingine bomba la maji lilivuma kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiijaribu kabla ya kuanza kuimba. Harufu ya dawa yako ya kuchua kifua ilimsubiri ngazini, siku nyingine ipo, siku nyingine haipo. Mwishowe akamwambia mama mdogo.

"Namsikia."

"Anasema nini?" aliuliza Zenobia, bila kuacha kumenya viazi.

"Hasemi. Anasafisha koo."

"Basi bado hajaanza. Msubiri."

Albamu ilitoka mwezi wa sita. Emmett alimletea dada yake. Loretha akaisukuma kwenye droo, chini ya taulo. Mwezi wa tisa Emmett akapiga simu.

"Umesikiliza wimbo wa tisa?"

"Sijasikiliza hata wa kwanza."

"Sikiliza, Loretha. Yumo humo."

"Mama? Nadhani ndiyo maana wakaandika jina lake."

"Si Mama. Baba."

Emmett hanywi, unamjua. Jumapili baada ya ibada alikuja, wakaiweka albamu, wakaruka moja kwa moja hadi wa tisa. Ni wimbo ambao hatukuujua. Hukuwahi kuuimba jikoni, wala jukwaani, wala ukipiga pasi. Unaanza peke yako, polepole, pumzi yako inasikika ikitafuta njia. Kwenye ubeti wa pili, chini yako kabisa, inaingia sauti nyingine. Ni nzito, iko mbali, na kila neno inachelewa kidogo, kama mtu anayekufuata kwenye ukumbi amevaa soksi.

Loretha aliijua. Aliijua ilivyokuwa ikimeza mwisho wa kila mstari. Mara ya mwisho aliisikia akiwa na miaka tisa, kupitia mlango wa bafu, Baba akinyoa ndevu.

"Zima."

"Subiri, kuna ubeti mwingine wa…"

"Emmett, zima!"

Loretha aliondoka, asirudi nyumbani kwako wiki mbili. Alimpigia Mzee Whitlow kumuuliza nani mwingine aliimba siku ile, naye akaapa.

"Chumbani tulikuwa wanne. Mimi, wa besi, wa ngoma, na Ardith. Kando yake palikuwa na kiti, na juu ya kiti koti lake na mkoba wake. Basi. Fundi wa sauti alisikia kitu, akataka kukifuta. Mama yako akamwambia, ukifuta hicho, nifute na mimi."

"Na wewe hukuuliza?"

"Mimi nimempigia piano miaka arobaini, binti. Ningekuwa nauliza, nisingefika hata mitano."

Halafu ikawa kinyume, Mama: hakuweza kuuacha. Alirudi nyumbani, na kila jioni saa kumi alikaa kwenye meza yako, akausikiliza wimbo wa tisa, na huo peke yake. Wewe mbele, yeye nyuma. Alikonda. Alimwambia Emmett kwamba hamkumtisha kwa kuwa wafu. Kilichomuumiza ni kwamba mlikuwa mmepatana, nyinyi wawili, na mmemwacha nje kwenye gari.

Simu yako ilikuwa bado kwenye droo ya vijiko. Loretha aliichaji kila wiki, kwa ajili ya yale maneno uliyorekodi: "Huyu ni Ardith, nimetoka au nimepuuza, acha ujumbe." Alasiri moja ya Novemba, simu hiyo ikalia mpaka droo nzima ikatetemeka. Kwenye kioo kuliandikwa: Nadine.

Alipokea. Upande wa pili mtu alishtuka, kisha ikaja sauti nzito, inayomeza mwisho wa maneno.

"Samahani. Samahani sana. Najua amefariki. Huwa napiga tu nimsikie akisema acha ujumbe. Sikujua kuna mtu atapokea."

Loretha alishika ukingo wa sinki. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Nadine. Niko Cleveland. Baba yangu alikuwa Clifton Pettiford."

Loretha alikata. Akaitoa betri ya simu, kana kwamba sauti hiyo ingeweza kutoka yenyewe. Siku tatu alifua mapazia yaliyokuwa safi. Siku ya nne akairudisha betri, akapiga.

"Ile sauti ni yako," alisema, bila salamu.

"Ndiyo."

"Nilidhani ni yake."

"Watu wote hunishangaa," alisema Nadine. "Mtoto wa kike mwenye koo la baba yake. Shuleni walinicheka sana."

Ndipo Loretha akajua. Ulikuwa umemtafuta Nadine mwenyewe, ukampata, ukampigia simu: "Mimi ni mke wa kwanza wa baba yako. Usiogope, sitaki kitu, nataka wimbo." Ulitaka ule ambao Baba aliuimba miaka yake ya mwisho, ambao sisi hatukuupata. Nadine alikuwa na miaka kumi na mitano Baba alipofariki. Aliukumbuka kwa sababu Baba aliuimba kila alipoosha vyombo. Kwa miezi miwili, saa kumi jioni, Nadine alikuwa akikuimbia kwenye simu nawe ukimfuatisha. Ulimkosoa, bila shaka.

"Aliniambia naimba kama mtu anayeomba radhi," Nadine alisema. "Nikamwambia, si ndivyo nilivyo? Mimi ndiye niliyekaa na baba yenu. Akaniambia, 'Wewe ulizaliwa tu, mwanangu. Rudia ubeti wa pili.'"

Asubuhi ile ya tano ulimpigia ukiwa studio. Uliiweka simu ndani ya mkoba, spika yake imewashwa, mkoba wazi juu ya kiti, ukamwambia aimbe nawe, asijali kuchelewa. Yeye ni mpishi wa shule. Alijifungia stoo katikati ya magunia ya unga, aproni kiunoni, akaimba mpaka mwisho, na wenzake wakimgongea mlango wakitaka mafuta.

"Lakini kwa nini hakuniambia?" Loretha aliuliza. "Nilikuwa pale pale. Nilikuwa nje!"



"Nilimuuliza," alisema Nadine. "Zile asubuhi zote alikuwa ananipigia kabla hajaanza. Anasema, 'Loretha yuko kwenye gari. Akiingia tu, nampa simu.' Kila siku anasema hivyo. Hata ile ya mwisho. Walimwambia wako tayari, akawaambia wasubiri kidogo. Nikamsikia akitembea, nadhani alikwenda mlangoni. Akarudi, akasema, 'Haya, tuanze.'"

Tunakuandikia haya yote, Mama, kwa sababu Loretha ametutaka tuyaandike. Anasema ulisimama mlangoni na yeye hakugeuza shingo, na watu wanaokukumbuka wajue hilo pia. Alilaza kichwa mezani, akalia kama ambavyo hakulia kaburini, na Nadine hakukata simu. Ilidumu karibu saa nzima. Baadaye wakaulizana umri wa watoto, kama watu wowote.

Januari Nadine alikuja kwa basi. Loretha alimpokea stesheni, wakasimama wakitazamana, kila mmoja akikiona kipaji cha uso kile kile kwa mwenzake, wala hawakukumbatiana. Walikumbatiana baadaye, jikoni, kwa bahati mbaya, wakigombea kitambaa cha sufuria. Walipofika nyumbani, Zenobia alifungua mlango, akamkagua Nadine juu mpaka chini.

"Ehee. Pua ya Clifton hiyo. Pole, mwanangu. Vua viatu, uingie, kuna mboga za majani na mfupa wa nguruwe."

Tulisikiliza albamu yote, kuanzia wimbo wa kwanza. Loretha hakuwa amezisikia zile nane. Tukajua, Mama, kwamba hukuwa unamwimbia Baba. Unaziimba zile nyimbo za wanaume kwa utulivu wa mtu anayerudisha vyombo vya jirani, vimeoshwa, vimekaushwa. Ule wa tisa ulipofika, Nadine alifunika uso. Loretha alimshusha mikono.

Bado unasafisha koo saa kumi jioni. Nadine naye alikusikia, alipokuwa akikata vitunguu, akainua kichwa. Loretha alimwambia, "Ni Mama," naye akaendelea kukata. Hatujui unataka kuanza nini. Tunazima redio, tunakungoja.

Juma lililopita tulipokuwa tukipanga majina ya kuweka hapa chini, Loretha alimpigia Nadine.

"Nikuandike kama nani?"

"Usinitie kabisa, watu wataongea. Au andika rafiki wa familia."

"Rafiki gani? Emmett amekuona akadhani ni kioo."

"Loretha, mimi sikuwahi hata kumwona Ardith kwa macho."

"Alikuita nani kwenye simu?"

 Loretha alimsubiri, kalamu mkononi, mpaka Nadine alipolisema neno hilo.

Unakumbukwa na wanao Loretha, Emmett na Nadine. Mdogo wako Zenobia. Mjukuu wako Corinne, anayejifunza piano. Mzee Horace Whitlow. Na kwaya nzima ya kanisa lako. Hutasahaulika, Mama, maadamu mmoja wetu bado ana pumzi.